Skizofrenia inapotazamwa kwa upande wa nishati: nafasi ya mitokondria

Dawa nyingi za skizofrenia, tangu klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952, zimejengwa juu ya kuizuia dopamini, kemikali inayobeba ishara katika ubongo, na kwa mgonjwa anayesikia sauti au anayeamini kwamba anafuatwa mara nyingi zinasaidia kweli. Haziwasaidii sana wale ambao shida yao kubwa ni kukosa ari, kujitenga na watu na kushindwa kupanga mawazo, na hizo ndizo dalili zinazomzuia mtu kurudi kazini au darasani. Pengo hilo ndilo lililotufanya baadhi yetu tunaochunguza biolojia ya magonjwa ya akili tuanze kuitazama mitokondria, yaani viungo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, kwa makini.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Nyingi ya nishati hiyo hutumika kurudisha ayoni za sodiamu na potasiamu mahali pake kila nyuroni, yaani seli ya neva, inapotoa ishara, kazi isiyo na mapumziko hata usingizini. Mitokondria ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inayolipia gharama hiyo, na zaidi ya hapo hudhibiti kiwango cha kalsiamu kwenye sinapsi, yaani maungio ambapo nyuroni hupelekeana ishara.

Si nyuroni zote zinazodai nishati kwa kiwango kimoja. Kundi linalonivutia zaidi ni nyuroni zuizi, zile zinazotuliza nyuroni nyingine, zenye protini ya pavalbumini, ambazo hutoa ishara kwa kasi kubwa mno na kuzifanya nyuroni jirani zifuate mdundo wa gama, yaani takriban mizunguko 30 hadi 80 kwa sekunde. Mtu anaposomewa namba ya simu na kuishika kichwani kwa sekunde chache hadi aiandike, mdundo huo ni miongoni mwa vitu anavyovitegemea, na kwa watu wenye skizofrenia mara nyingi huonekana umevurugika. Nyuroni hizi zimejaa mitokondria. Mitokondria zikilegea, ATP hupungua na wakati huohuo molekuli haribifu za oksijeni huongezeka, na pale ambapo akiba ya glutathioni, kinga ya seli dhidi ya molekuli hizo, ni ndogo, nyuroni hizi huwa kati ya zile zinazoumia mapema. Katika panya walioondolewa jeni ya COX10 kwenye nyuroni za pavalbumini pekee, jeni ambayo mitokondria huihitaji ili kutumia oksijeni, watafiti waliona mawimbi ya ubongo yamebadilika na panya hao wana matatizo ya kuchuja sauti na ya kuchangamana na wenzao. Ushahidi wa aina hiyo naupa uzito, kwa sababu kilichobadilishwa kinajulikana na dawa hazimo.

Kwa binadamu mambo hayako wazi kiasi hicho. Uchunguzi wa tishu za ubongo wa marehemu, ukiwemo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, umeonyesha mabadiliko katika protini na jeni za mitokondria. Hata hivyo, ubongo wa mtu aliyekufa baada ya kuugua kwa muda mrefu huwa na asidi zaidi, jambo ambalo peke yake hubadilisha vipimo hivyo, na wagonjwa wengi huvuta sigara kwa miaka. Isitoshe, haloperidoli, dawa ya skizofrenia tunayoiandika kila siku, huzuia kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji, yaani hatua za kutengeneza nishati kwa oksijeni ndani ya mitokondria, hivyo udhaifu unaopimwa kwa mgonjwa anayetumia dawa huenda kwa sehemu umeletwa na matibabu yenyewe.

Jenetiki nayo inatutaka tuwe na kiasi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulitaja maeneo 287 ya jenomu, yaani jumla ya DNA ya mtu, yanayohusiana na skizofrenia, na jeni zilizojitokeza zaidi ni za nyuroni na sinapsi. Kwa upande mwingine, mtu aliyepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22 kiitwacho 22q11.2 ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya wanne wa kupata skizofrenia au ugonjwa wa jamii yake, na baadhi ya jeni zilizo katika kipande hicho hufanya kazi ndani ya mitokondria. Kwa maoni yangu, kwa wagonjwa wengi mitokondria si chanzo cha ugonjwa. Zinapolegea, hupunguza akiba ya nishati hadi sinapsi ambazo tayari ni dhaifu zikashindwa kuhimili mzigo, hasa katika ujana, wakati mtandao wa pavalbumini ungali unakomaa.

Kuhusu tiba, majaribio ya N-asetilisisteini, inayosaidia mwili kutengeneza glutathioni, yametoa matokeo yasiyolingana. Lishe ya ketojeniki, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, inazungumzwa sana baada ya jaribio la awali la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2024, lakini lilikuwa na washiriki 21, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa bipola, halikuwa na kundi la kulinganisha, na lishe hiyo ilitumiwa pamoja na dawa, si badala yake. Anayeniuliza kama aache dawa aanze lishe, humjibu kwamba jaribio hilo halikupima jambo hilo.