Kutua kwa mbele ya wayo na ufa wa muundi

Wakimbiaji wengi huamini kwamba ukiacha kutanguliza kisigino ukatua kwa sehemu ya mbele ya wayo, mfupa wa muundi hautapata ufa. Ni kweli, kishindo cha kwanza hupungua. Lakini kinachoubana muundi zaidi ni misuli yenyewe, na kutua kwa mbele hukipa kigimbi kazi kubwa zaidi. Ukano wa kisigino na mifupa ya wayo nayo huongezewa mzigo. Ufa huja hasa mtu anapoongeza kilomita ghafla, kabla mfupa haujajijenga upya.

Ukikutana na dai la namna hii, uliza: watafiti walipima kishindo tu, au walihesabu wakimbiaji waliopata ufa? Na muundi ukiuma mahali pamoja panapofunikwa na kidole, hata ukipumzika, acha mbio kwanza ukamwone daktari.