Lami inaishia wapi? Siku kumi na Subaru XV haibridi

Mtu akiniletea gari nilikague kabla hajalinunua, swali langu la kwanza halihusu injini. Namuuliza, "Bosi, unakaa wapi?" Akisema Sinza au Upanga, kazi yangu nyepesi. Akisema Goba, Madale, Chanika au Kimbiji, linafuata la pili: "Lami inaishia wapi?" Watu wengi wa Dar hawaendi porini. Pori lao ni kile kipande cha mwisho, kuanzia daladala zinapogeuzia hadi getini: korongo la mvua katikati ya njia, vifusi alivyomwaga jirani kuziba shimo, na mteremko ambao masika ukishalowa hata abiria wa bodaboda anaambiwa ashuke atembee.

Mteja wangu mmoja wa Goba, mwalimu, amechoka na IST yake kugonga chini kila jioni. Akaniachia gari alilokuwa analipigia hesabu, Subaru XV ya haibridi, yaani injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, kwa ruhusa ya mwenye nalo. Nikakaa nalo siku kumi.

Kwanza tuelewane ni XV ipi, maana madalali wanazichanganya. Haibridi ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2013, namba ya chesisi inaanza na GPE, betri yake ni ya nikeli. Ya pili, wanayoiita e-Boxer, ilitoka 2018, chesisi GTE, betri ya lithiamu. Hili la mwalimu ni GTE. Zote mbili zina injini ya lita 2 na mota ya umeme ya kilowati 10. Ishike hiyo kilowati 10, tutarudi kwake. Mota ya Toyota C-HR haibridi ni kilowati 53. Kwa hiyo ukisikia "haibridi" usidhani zote ni kitu kimoja. Kwenye C-HR umeme unaweza kubeba gari sehemu kubwa ya foleni. Kwenye XV umeme ni utingo: anasukuma, anashika mlango, lakini usukani hapewi.

Foleni nilianza nayo Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Goba kupitia Makongo hadi Mwenge, kisha Posta. Gari likisimama, injini inazima. Likianza kusogea polepole, mota inaanza peke yake, na betri ikiwa imejaa linaweza kwenda kwa umeme mtupu hadi kasi ya kilomita 40 kwa saa, ila kwa kipande kifupi tu, kilomita moja na nusu hivi. Kwa joto letu, AC ikiwa imewashwa, mimi sikuwahi kukifikia kipande hicho. Nilijaza tenki, nikatembea wiki nzima, nikarudi sheli ileile na pampu ileile. Hesabu ikaja kilomita 12 kwa lita. Si mbaya kwa gari la lita 2 linalovuta matairi yote manne, lakini si haibridi ya kujisifia kijiweni. Kipimo cha Japani chenyewe ni kilomita 15 kwa lita. Toyota Yaris Cross haibridi ya kuvuta mbele, kwa kipimo hicho hicho, inafika kilomita 30.8. Kama kwako ni lami mpaka getini, na unachotafuta ni kubana mafuta, ishia hapa, XV si gari lako. Na tenki lake ni dogo, lita 48, wakati XV ya petroli tupu ina 63.

Sasa tushuke kwenye lami.

Kimo cha chini, yaani kutoka ardhini hadi tumbo la gari, kwa takwimu za Japani: XV sentimita 20, Yaris Cross 17, C-HR haibridi 14. Chukua tepu uiweke ukutani uone tofauti ya 14 na 20, ndipo utaelewa kwa nini C-HR nyingi za mjini bampa za mbele zimeshonwa kwa waya. Ila namba hizo ni za gari tupu. Mimi nililala chini nikapima nyuma likiwa tupu, nikapakia watu watano na mifuko miwili ya saruji, nikapima tena. Sentimita nne zimekwenda. Kwa hiyo ukienda kukagua gari lolote, beba ndugu zako. Shokapu zilizochoka hazionekani gari likiwa limepaki kivulini limepakwa rangi ya matairi.

Mteremko wa mwalimu una korongo linalokata njia kwa mshazari. Ukilivuka, tairi la mbele kushoto linaning'inia na la nyuma kulia linaning'inia, gari linabaki limesimama kwa mawili. Hapo ndipo magari haya yanapojulikana. Mara ya kwanza nilipita bila kubonyeza chochote. Matairi yaliyo hewani yakazunguka bure, gari likatulia palepale kama mbuzi aliyegoma. Nikarudi nyuma, nikawasha X-Mode, kitufe cha Subaru cha njia mbaya, nikakanyaga mafuta kidogo na kuuacha mguu hapohapo bila kuongeza. Ukasikika mlio wa krr-krr chini, breki zinayakamata matairi yanayozunguka bure ili nguvu iende kwenye yale yanayogusa ardhi. Sekunde mbili, tatu, likapanda. Kosa la madereva wengi ni kuachia mafuta wakisikia ule mlio, wanadhani kitu kimevunjika. Usiachie.

Na hapa ile mota ndogo inalipa deni lake. Imefungwa ndani ya nyumba ileile ya giabox, na nguvu yake inapita kwenye propela ileile, ile shafti ndefu ya chini ya gari, hadi difu ya nyuma. Hata likitambaa kwa umeme mtupu, matairi yote manne yanavuta. Umeme hausubiri injini ipande mizunguko, unasukuma tangu sifuri, kwa hiyo kuondoka kwenye jiwe au tope kunakuwa laini, hakuna kuruka. Yaris Cross ya E-Four, ile ya kuvuta matairi yote manne, imejengwa kwa namna nyingine. Haina propela, nyuma kuna mota yake peke yake yenye nguvu farasi 5.3. Kwa kuondoka kwenye mteremko uliolowa inatosha. Kwa kilomita nzima ya mchanga mimi nisingeitegemea.

Mchanga nao niliufuata, Kigamboni, ng'ambo ya Kimbiji, njia za kuelekea ufukweni. Nikazama, na kosa ni langu: nilisimama kupokea simu katikati ya mchanga laini na upepo wa matairi ukiwa wa lami. Vijana wawili waliokuwa wanapita na ndoo za samaki wakasimama kuangalia. Mmoja akasema, "Kaka, hilo si fo wili?" Fo wili ndiyo, ila si Land Cruiser. Halina gia nzito ya kuvutia, na giabox yake ni CVT, isiyo na gia za kuhesabika. Ukilikandamiza kwenye mchanga, mafuta ya gia yanachemka, na taa ya joto la gia ikiwaka unasimama na kusubiri, hakuna ubabe. Nilishusha upepo hadi PSI 18, nikafukua mbele ya kila tairi, nikazima ule mfumo wa kuzuia matairi yasiserereke, likatoka taratibu. Vijana wakapata soda.

Kitu kilichonikera kuliko vyote sikukikuta njiani, nilikikuta nilipoinua zulia la buti. Pale ulipozoea kuona tairi la spea, kuna betri ya haibridi na mfumo wake. Unapewa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Tairi likichanwa ubavuni na jiwe huko Kisarawe saa mbili usiku, gundi utaipaka wapi? Nilimwambia mwalimu atenge kabisa hela ya tairi la tano lenye rimu, na ajue litakula nusu ya buti.

Na akinunua tairi, anunue yote manne yanayofanana. Fundi pancha atakwambia weka moja la mtumba, saizi ni ileile, 225/60 R17. Saizi ni ileile lakini moja lina meno mapya na matatu yamelika, kwa hiyo halizunguki sawa na wenzake, na ile klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma inasuguana kutwa nzima hata kwenye lami iliyonyooka. Akiba ya tairi moja inageuka kuwa bili ya giabox.

Vumbi je? Betri za haibridi nyingi hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Niliwahi kupokea haibridi ya aina nyingine, taa zote zinawaka, mwenyewe ameshaambiwa sehemu fulani kwamba betri imekufa anunue nyingine. Nikafungua njia ya hewa. Kichujio kilikuwa kama godoro: vumbi jekundu, nywele za mbwa, na karatasi ya pipi. Kikasafishwa, feni ikapumua, gari likaondoka. Ukikaa kwenye njia ya vumbi, kila miezi mitatu fungua uangalie, na usirundike mabegi juu ya tundu la kuvutia hewa. Nyaya za rangi ya machungwa, zile za umeme mkubwa, usiziguse wewe, wala kijana wa kuosha magari asizielekezee presha ya maji.

Maji ya barabarani nina kanuni moja: yakifika katikati ya tairi, nageuza. Betri iko chini nyuma, na mvua kubwa za Dar haziulizi gari ni la kimo gani.

Mwalimu alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Lakini korongo langu lilipita?" Lilipita. Akamwambia muuzaji ashushe bei kwa kiasi cha matairi manne, maana moja kati ya yale yaliyopo lilikuwa la mtumba, meno mapya kabisa. Wamevutana siku nne. Jana kanipigia simu akiwa Gerezani, Kariakoo, anatafuta rimu ya tano.