Si jiwe lililosuguliwa tu

Mtu husimama mbele ya sanamu ya marumaru isiyo na uso wala mikono, nyororo kama tone la maji, akasema: "Hapa kuna kazi gani? Kusugua tu." Dhana hii inaniuma kuliko zote. Sanamu yenye nywele na mikunjo ya nguo huficha makosa; tindo ikiteleza, kosa hugeuzwa mkunjo mwingine. Umbo laini halina pa kufichia. Mwanga wa jioni ukilipitia ubavuni, kibonde chembamba kama ukucha hutoa kivuli, na kukiondoa ni lazima ushushe upande mzima, maana jiwe haliongezwi. Baada ya tindo huja tupa, kisha msasa: namba 80, 120, 220, 400 na kuendelea. Ukiruka namba, mikwaruzo ya nyuma itajitokeza jiwe likianza kung'aa. Grinda huharakisha kupunguza jiwe, ila mpindo wenyewe wa umbo hupimwa kwa kiganja.

Wengine husema sanaa isiyofanana na kitu ni ya Wazungu. Nenda Mwenge, soko la vinyago Dar es Salaam, uulize vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa mawingu: mpingo uliopinda na kutobolewa, bila mtu wala mnyama dhahiri. Wazungu nao walibishana. Mwaka 1926 forodha ya Marekani iliiweka Bird in Space (Ndege Angani), sanamu ya Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania, katika kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ikatoza ushuru wa asilimia 40. Mwaka 1928 mahakama ikaamua kuwa ni sanaa. Hiyo ilikuwa ya shaba nyeusi (bronzi). Ndege wa kwanza wa aina hiyo, wa 1923, ni wa marumaru.

Kuna pia wanaodhani umbo la kuonyesha kasi, kama la ndege huyo, lazima liwe na ncha kali mbele. Kwa mwendo ulio chini ya kasi ya sauti, hewa hupita vizuri zaidi penye mbele ya mviringo na nyuma inayopungua taratibu. Mtazame jodari pale Feri, soko la samaki Dar es Salaam: unene uko upande wa kichwa, kisha mwili unapungua taratibu hadi mkiani. Wabunifu wa treni na magari ya miaka ya 1930 waliifuata kanuni hiyo, na wachongaji wengi wa zama hizo walipenda mipindo ya namna hiyo.

Na marumaru si sugu kwa kila kitu. Ndimu na siki huila, mng'ao ukafifia. Ifute kwa maji na kitambaa laini.