Globu ya taa ya nyuma: tunavyodanganyana na ukweli wenyewe

Taa za mbele zikizima unajua palepale maana njia huioni, ila za nyuma unaweza kutembea nazo zimekufa mwezi mzima na hakuna anayekwambia, labda trafiki au bodaboda anayekupita dirishani akipiga kelele "broo breki yako haiwaki huku nyuma". Ndo maana zimejaa maneno ya kijiweni, kila mtu kasikia kitu kwa fundi flani, halafu mtu anaenda kutoa hela ya taa nzima wakati kilichokufa ni kiglobu cha hela ya soda. Hapa naongelea zaidi hizi gari zetu za Kijapani, Vitz, IST, Corolla, Premio, Probox, Noah na ndugu zao, za Ulaya na Marekani nitazigusa pale tu zinapoachana na hizi.

"Globu ikiungua unanunua taa nzima"

Hapana bwana. Ile taa kwa nje ni plastiki tu, nyekundu na chungwa na nyeupe, nyuma yake kuna soketi tatu au nne na kila soketi imebeba globu yake. Inatolewa globu inawekwa globu. Taa nzima unanunua kama plastiki imepasuka, au kama LED zimejengewa humohumo ndani na hakuna globu ya kuchomoa. Hata kwenye hizo za LED angalia vizuri kwanza, gari nyingi breki na paking (zile taa ndogo nyekundu za usiku) ndo LED lakini indiketa na rivasi bado ni globu ya kawaida.

"Kuitoa ni kazi ya gereji, mpaka bampa lishuke"

Hii ndo inayowaliza watu wengi. Kwa gari nyingi bampa haliguswi kabisa. Kuna aina kama mbili hivi za kufunga hizi taa na ukishajua yako ni ipi kazi imeisha nusu.

Ya kwanza ni ya gari zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kina Vitz na IST na Probox. Fungua mlango, tazama ule ukingo wa bodi ambao mlango ukifungwa unaufunika, mara nyingi utakuta skrubu au boliti mbili pembeni ya taa, na kwenye Toyota spana namba 10 au bisibisi ya nyota ndo inayofanya kazi. Gari nyingine boliti zimefichwa na vifuniko vidogo vya plastiki, unavitoa taratibu kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa ili usikwaruze rangi. Ya pili ni ya gari zenye buti, kina Corolla na Premio, huko unafungua buti, unasogeza kapeti la pembeni, na mara nyingi unakutana na mgongo wa soketi moja kwa moja, unaizungusha robo mzunguko kwenda kushoto inatoka na globu yake, taa yenyewe hata hujaigusa. Yaani unaweza kukuta mtu kafungua nati zote kavuta taa nje bila sababu yoyote. Volkswagen nyingi wanatumia nati kubwa ya plastiki ya kufungua kwa mkono, hata spana huhitaji.

"Boliti zikishatoka vuta kwa nguvu, itaachia yenyewe"

Itaachia kweli, na vipande vyake. Upande wa nje wa taa, ule ambao hauna boliti, kuna vijiti vya plastiki vimechomekwa kwenye vimpira vilivyo kwenye bodi. Vijiti hivi vinatoka kwa mwelekeo mmoja tu, kurudi nyuma ya gari moja kwa moja. Watu wanachofanya ni kushika taa upande wa ndani palipokuwa na boliti na kuifungua pembeni kama mlango, kijiti kinakatika, na kuanzia hapo taa inachezacheza kwenye kila tuta mpaka uinunue nyingine. Kwahiyo weka kiganja pande zote mbili, tikisa kidogo kidogo huku unavuta kuja nyuma. Ikigoma kabisa usitie bisibisi kati ya taa na bodi, rangi itabanduka na hapo pataanza kutu. Weka kipande cha mbao laini au kadi ya plastiki ngumu, au mtu akusukumie kwa ndani kama kuna nafasi. Ikitoka isining'inie kwenye waya zake, ishikilie, zungusha soketi moja moja ndo uiweke chini. Siku ya kurudisha paka sabuni kidogo kwenye vile vimpira vijiti viingie bila kugoma, na boliti zikaze kiasi, hiyo ni plastiki sio chuma cha injini.

"Chomoa betri kwanza usije kupigwa shoti"

Ni volti 12, haikufanyi kitu. Zima taa, toa ufunguo, inatosha. Ukichomoa betri utapoteza saa na stesheni zako za redio bure. Cha kuogopa ni joto, globu ya wati 21 iliyokuwa inawaka dakika kumi inaunguza vidole vizuri tu, iache ipoe.

"Globu ni globu, ikiingia basi"

Hapa ndo pana uharibifu mwingi na nitakaa kidogo. Globu ya breki kwenye gari nyingi ina nyuzi mbili ndani, yaani vile viwaya vinavyowaka, mmoja wa wati 5 kwa ajili ya paking na mmoja wa wati 21 kwa ajili ya breki, ndo maana unaona imeandikwa 21/5W. Ya indiketa na rivasi ina uzi mmoja wa wati 21. Zile za zamani zenye kitako cha chuma, ya nyuzi mbili vijino vyake vya pembeni haviko usawa mmoja, kimoja kiko juu kidogo ya mwenzake, na wamefanya makusudi ili usiiweke kinyume. Mtu akikuta haiingii anaikandamiza mpaka iingie, matokeo yake usiku gari inatembea breki zikiwaka muda wote na ukikanyaga breki inawaka kale ka wati 5, aliyeko nyuma yako hajui kama unasimama.

Mbaya kuliko hiyo ni kulazimisha globu ya uzi mmoja kwenye soketi ya nyuzi mbili. Kitako chake kina ncha moja, inagusa zile chuma mbili za soketi kwa pamoja na kuunganisha laini ya breki na ya paking. Sasa vituko vinaanza, ukikanyaga breki dashibodi inawaka, ukiwasha taa za usiku ile taa ya breki ya tatu ya juu inawaka bila wewe kukanyaga chochote, na fundi anaanza kufukua waya za gari zima kwa siku mbili na bili inakuja. Zile zisizo na kitako cha chuma, ambazo gari nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 zinatumia, unazichomoa kwa kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha, na kuzitofautisha angalia chini, ya nyuzi mbili ina vijiwaya vinne na ya uzi mmoja ina viwili.

Kuna na suala la volti. Malori mengi na baadhi ya mabasi yanatumia volti 24 na duka ni lilelile, kijana wa dukani akichanganya ukapewa ya 24 itawaka kwenye gari yako lakini kwa unyonge kweli, utadhani betri imechoka. Kinyume chake, ya 12 kwenye lori inaungua papo hapo. Na indiketa, kama plastiki ya taa yako ni nyeupe basi globu ndo inatakiwa iwe ya chungwa, rangi yake ikianza kubabuka indiketa inakuwa nyeupe na hiyo globu inabadilishwa hata kama bado inawaka. Njia rahisi ya kukwepa haya yote ni kwenda dukani na ile iliyoungua mkononi.

"Usiguse kioo chake kwa vidole itaungua"

Hiyo ni habari ya globu za halojeni za taa za mbele, zile zinapata joto kali sana na mafuta ya vidole yanatengeneza doa linalopasua kioo. Hizi ndogo za nyuma shika tu, futa kama una kitambaa.

"Indiketa ikienda mbio flasha imekufa"

Flasha ni kile kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima. Mara nyingi ni kinyume kabisa, flasha ni nzima na inakupa taarifa. Globu moja ikiungua umeme unaopita upande huo unapungua, na mfumo umetengenezwa hivyo kwamba mzigo ukipungua ianze kupiga haraka ili dereva ajue. Kwahiyo kabla hujanunua flasha shuka uzunguke gari, angalia ya mbele, ya nyuma na ile ndogo ya pembeni. Ndo hichohicho kinachotokea ukifunga LED kwenye indiketa, LED inakula umeme kidogo sana mpaka flasha inadhani globu imeungua. Dawa ni flasha ya LED, au rezista, kifaa cha kuongeza mzigo wa umeme, ila inachemka vibaya, ifungwe kwenye chuma mbali na plastiki na waya.

"Breki zote haziwaki, globu zote zimeungua"

Kulia, kushoto na ile ya juu zife siku moja? Ni nadra sana hiyo. Zikizima zote kwa mpigo anza na fyuzi ya breki, halafu swichi iliyopo juu kabisa ya pedali ya breki. Kama gari ni otomatiki na gia inagoma kutoka P siku hiyohiyo basi jibu unalo, maana gia inasubiri ishara kutoka kwenye hiyohiyo swichi, au kwenye fyuzi yake. Zikiwa zinawaka muda wote hata gari ikiwa imezimwa, mara nyingi kile kiplastiki kidogo kinachogusana na swichi kimekauka kikavunjika, utakikuta vipande vipande kwenye kapeti la miguuni. Kitu cha bei ndogo mno, lakini betri asubuhi imekufa na lawama zote zimeenda kwenye betri.

Fyuzi nayo, ikiungua usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya. Ukiweka ya ampea 30 mahali pa 10 umeamua waya ndo uungue, na waya huo unapita chini ya makapeti.

"Taa zikichanganyikiwa globu ni mbovu"

Ukiona unakanyaga breki halafu indiketa nayo inawaka kwa mbali, au ukipiga indiketa paking inacheza nayo, acha globu. Hiyo ni ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi unatafuta njia kupitia nyuzi za globu nyingine. Fuata ule waya wa ethi mpaka ulipofungwa kwenye bodi, piga msasa, kaza. Kwa watu wa Pwani, Tanga, Mombasa na visiwani, hii ni kawaida sana kwa ajili ya chumvi, hata chuma za soketi zinaota ukungu wa kijani, zisafishe kabla ya kuweka globu mpya la sivyo hiyo mpya utaitukana bure. Ila kama inayosumbua ni taa iliyopo kwenye mlango wa nyuma wenyewe, rivasi au ya namba, mara inawaka mara haiwaki kutegemea umebamizaje mlango, nenda kwenye ule mpira wa waya karibu na bawaba. Waya zimekunjwa na kukunjuliwa miaka na miaka mpaka zimekatikia ndani ya mpira, kwa nje huoni kitu.

Na usihangaike na rivasi ya upande mmoja kabla hujaangalia kama kuna soketi upande wa pili. Gari nyingi za Ulaya zina rivasi moja tu na upande mwingine ni taa ya ukungu. Za Marekani nazo nyingi zinatumia globu moja nyekundu kwa breki na indiketa kwa pamoja, haijaharibika, ndo ilivyotoka.

"LED ni bora siku zote"

Ina faida yake ya kweli. Globu ya kawaida uzi unachelewa kupata moto, karibu sehemu moja ya tano ya sekunde, LED inawaka hapohapo, na kwenye spidi ya 80 huo muda ni kama mita 4 na nusu. Lakini LED nyeupe nyuma ya plastiki nyekundu inatoa rangi ya pinki-pinki, weka nyekundu. Na nyingi za bei rahisi tofauti ya paking na breki haionekani, zinawaka sawasawa, hapo bora globu yako ya zamani.

"Ikiingiza maji paka silikoni kote"

Ukungu kidogo asubuhi unaokauka jua likitoka hauna shida. Maji yakisimama ndani hapo kuna ufa, au ile sponji ya nyuma ya taa imekufa, badilisha sponji. Ukipaka silikoni mpaka kwenye vile vitundu vya kupumulia maji yatabaki ndani, na siku ya kubadilisha globu utaikata taa kwa kisu.

"Huwezi kukagua breki bila mtu wa pili"

Rudisha gari nyuma karibu na ukuta jioni, ukanyage, wekundu utauona kwenye kioo. Mchana weka simu chini nyuma ya gari irekodi video wakati unapiga breki, indiketa zote, paking na rivasi, kwa rivasi hakikisha hendibreki iko juu na mguu uko kwenye breki. Au chomeka ufagio kati ya siti na pedali ushuke uangalie mwenyewe, ila uutoe kabla hujaondoka.