Gesi ya AC ya gari hupimwa kwa mizani

Msimu wa korosho ukifika, simama kidogo kwenye ghala la chama cha msingi, iwe Tandahimba, Nanyamba au Ruangwa, umtazame mkulima gunia lake linapopandishwa kwenye mizani. Macho hayabanduki kwenye namba. Kilo moja ikipungua anauliza, na ana haki ya kuuliza. Lakini mkulima huyohuyo akipeleka pikapu yake kujaziwa gesi ya AC, anamwacha fundi afungulie mtungi, ashike bomba, aseme "imepoa". Analipa na kuondoka. Hakuna aliyepima chochote.

Nafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi hapa Mtwara, na hili linaniuma kuliko makosa mengine yote ninayokutana nayo. Kompresa nzima inakufa kwa sababu ya gramu mia mbili zilizozidi au kupungua.

Kwanza ieleweke kwamba AC hailambi gesi kama injini inavyokunywa petroli. Gesi inazunguka ileile ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipooza hadi iwe kimiminika, inapenya kwenye tundu jembamba la valvu, kisha inachemka ndani ya evapereta, nyuma ya dashibodi, ikifyonza joto la hewa mnayopumua garini. Halafu inarudi kwenye kompresa. R-134a, ambayo ndiyo imo kwenye magari mengi tunayoendesha, ikiwa nje ya mtungi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndiyo maana ikikurukia mkononi inaunguza, na ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Ukiacha kiasi kidogo kinachopenya kwenye mipira kwa miaka mingi, gesi ikipungua maana yake imevuja, na pale ilipovuja bado pako wazi.

Sasa suala la geji. Mafundi wengi hufunga geji, husoma presha, huongeza gesi mpaka sindano ifike wanapopazoea. Fikiria mtungi wa gesi ya kupikia jikoni kwako: moto ni uleule mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo, na ili ujue kilichobaki ni lazima uunyanyue au uupime. R-134a ni vivyo hivyo. Katika joto la nyuzi 30 geji itasoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha), mtungi uwe na kilo kumi au kilo mbili. Maadamu ndani kuna kimiminika, presha inafuata joto, haifuati wingi. Injini ikiwaka mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu presha hubadilika kwa jua la siku hiyo, kwa mwendo wa injini, kwa nguvu ya feni, kwa vumbi lililoziba kondensa. Geji ni chombo kizuri cha kutambua ugonjwa. Dozi hupimwa kwa mizani.

Na dozi imeandikwa. Fungua boneti, tafuta lebo ndogo yenye aina ya gesi na uzito wake. Magari madogo mengi huhitaji kati ya gramu 400 na 550. Yenye AC ya nyuma huhitaji zaidi, na yapo yanayofika kilo moja. Kwenye gari la gramu 450, ukikosea gramu 100 umekosea zaidi ya moja ya tano ya dozi nzima.

Januari moja, joto la kaskazi likiwa limepamba moto, mzee mmoja alituletea gari dogo kutoka Lindi mjini. Alisema barabarani linapoa vizuri tu, ila akisimama Mingoyo kununua kitu linaanza kupuliza joto. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amejaziwa gesi mara tatu, kila mara gereji tofauti. Lebo ilisema gramu 450. Tulifunga mashine ya kunyonya gesi, tukatoa gramu 780.

"Mwalimu, unasema imezidi?"

"Imezidi sana, mzee wangu. Inakaribia mara mbili."

"Sasa mbona haipoi?"

Nilimwonyesha kondensa. Hapo ndipo gesi inapogeuka kimiminika, na inahitaji nafasi ya kufanya hivyo. Ukiizidisha, kimiminika kinajaza vijia vya kondensa na nafasi ya kupoozea inabaki finyu. Presha inapanda, kompresa inalemewa, swichi ya usalama inaizima. Kukiwa na bahati mbaya zaidi, kimiminika kinarudi hadi kwenye kompresa, nayo imeundwa kukandamiza mvuke tu, inavunjika. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani huisaidia kondensa. Likisimama, tegemeo ni feni. Tukaikagua feni: haizunguki. Soketi yake ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani, kwa kuwa gari hulala hatua chache kutoka baharini. Tangu mwanzo tatizo lilikuwa soketi ile. Mzee alinunua mara tatu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Gesi pungufu nayo ina madhara yake, tena ya kimyakimya. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa haba, oili hairudi ipasavyo, kompresa inajisaga, na chembe za chuma zinasambaa kwenye mfumo mzima.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata gramu moja, fundi atafute uvujaji. Gesi haionekani, lakini oili inayotoka nayo hushika vumbi, hivyo alama nyeusi yenye mafuta kwenye kiungio au kwenye kondensa ni ushahidi mzuri. (Maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umewasha AC ni unyevu wa hewa yetu ya pwani uliovunwa na evapereta, msiyaogope.) Kupima uvujaji tunatumia naitrojeni kavu na povu la sabuni. Kamwe isitumike oksijeni ya mtungi wa kuchomelea: ikikutana na oili chini ya presha inalipuka, na inaua.

Baada ya kuziba, ni vakyumu, yaani kunyonya hewa iliyomo mabombani kwa pampu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, maana mteja ana haraka na pampu haionekani kufanya chochote. Inafanya kazi kubwa. Inashusha presha ndani ya mabomba hadi maji yaliyojificha humo yachemke kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Yakibaki, yataganda kwenye valvu na kuiziba, na kwa muda mrefu yatatengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Dakika 30 ni kiwango cha chini. Kwa unyevu wa Mtwara na Lindi mimi hutaka 45. Kisha pampu izimwe na sindano iangaliwe kwa dakika 15. Ikipanda, gesi isiingizwe.

Ndipo mizani inatolewa. Kwenye gari la yule mzee, mtungi ulisimama wima juu ya mizani, hewa ikatolewa kwenye mpira, namba ikarudishwa sifuri. Mzee alivaa miwani yake, akainama. Mia mbili. Mia tatu na hamsini. Mia nne na kumi. Mwanafunzi wangu alifunga mtungi ilipofika 440, akaiacha kompresa ivute iliyobaki mpirani. Muda wote injini ikiwaka, valvu nyekundu ya upande wa presha kubwa ilikuwa imefungwa kabisa. Ikifunguliwa, presha ya kompresa inarudi mtungini na mtungi unaweza kupasuka mikononi mwa fundi.

Kuhusu oili nitasema moja tu, kwa sababu magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, yanaongezeka huku kwetu. Kompresa zake huendeshwa kwa umeme mkubwa na hutumia oili ya aina yake isiyopitisha umeme. Fundi akiweka oili ya magari ya kawaida, hata kidogo, anaharibu kinga hiyo. Mwulize kabla hajafungua chupa.

Kuna pia gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi. Kilichokuwemo ndani ni R-134a iliyochanganywa na kemikali inayoshambulia alumini. Mtungi wa bei ya kutupa usiojulikana ulikotoka, ukatae. Na anayependekeza kutumia gesi ya kupikia anataka kuweka moto nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mtoto wako.

Vilevile gesi ya zamani isifunguliwe hewani. Gramu 450 za R-134a hupasha joto angahewa, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na kilo 600 hivi za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za kundi hili. Inanyonywa, inasafishwa, inatumika tena.

Soketi ya feni ilibadilishwa. Tuliliacha gari likinguruma uwanjani, limesimama, nje kukiwa na nyuzi 33, na kipimajoto tulichochomeka kwenye tundu la dashibodi kikatulia kwenye nyuzi 9. Kisha tukabandika utepe mweupe chini ya boneti: tarehe, R-134a, gramu 450, aina ya oili. Ukitoka gereji, dai utepe kama huo, ili fundi atakayefuata ajue anaanzia wapi.