Dozi ya juu inayovumilika: maana yake kwa mtoto mwenye selimundu

Mzazi akiambiwa kliniki kwamba mtoto wake mwenye selimundu atapandishiwa dawa ya haidroksiyurea "mpaka kiwango cha juu anachokivumilia", mara nyingi anasikia jambo jingine kabisa: kwamba mtoto atalishwa dawa hadi imdhuru. Hofu hiyo inaeleweka, maana jina lenyewe limetoka kwenye tiba ya saratani, ambako dozi hupandishwa hadi madhara yaonekane, kisha hurudishwa nyuma. Kwenye selimundu jina ni lilelile lakini kinachotafutwa ni kingine. Ni kile kiasi cha dawa, kwa kila kilo ya uzito, kinachoupunguzia kasi kidogo tu uboho, yaani kiwanda cha seli za damu ndani ya mifupa, kiasi cha kuonekana kwenye kipimo cha picha kamili ya damu, huku mtoto mwenyewe akicheza na kula kama kawaida.

Kwa nini tuupunguzie uboho kasi? Mtoto anapozaliwa, seli zake nyekundu zimejaa hemoglobini F, yaani protini ya kubeba oksijeni ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haiingii kwenye nyuzi zinazoikunja seli iwe kama mundu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huwa hana dalili miezi ya mwanzo. Hemoglobini F hupungua, na ya kiselimundu huchukua nafasi. Haidroksiyurea huzuia kimeng'enya ambacho seli hukihitaji kutengeneza malighafi ya DNA. Uboho ukibanwa hivyo kila siku, seli nyekundu zinazotoka baadaye huwa na hemoglobini F zaidi. Dawa hiyo pia hupunguza neutrofili, zile seli nyeupe zinazochangia kuziba mishipa midogo. Neutrofili ndizo rahisi kuzihesabu, kwa hiyo ndizo tunazozitumia kama dira.

Dozi huanza kati ya miligramu 15 na 20 kwa kilo, mara moja kwa siku. Damu hupimwa baada ya wiki nne au zaidi kidogo, na kila baada ya takriban wiki nane huulizwa swali moja: neutrofili ni ngapi? Zikiwa juu ya 4,000 kwa maikrolita (karatasi ya maabara huandika 4.0) na vipimo vingine viko salama, dozi huongezwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa kilo. Zikitulia kati ya 2,000 na 4,000, hapo ndipo penyewe. Hata zisipofika huko, dozi haivuki miligramu 35 kwa kilo. Dawa husimamishwa kwa muda neutrofili zikishuka chini ya 1,000, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) chini ya 80,000, au seli nyekundu changa chini ya 80,000 wakati hemoglobini nayo iko chini ya gramu 9 kwa desilita. Mara nyingi wiki moja ya mapumziko inatosha kurudisha hesabu, kisha mtoto anaendelea, na kama hali imejirudia, kwa dozi ya chini kidogo. Kusimamisha huku si dalili kwamba dawa imemkataa mtoto, na ni kosa kubwa kumwacha bila dawa kwa sababu ya hesabu moja mbaya.

Je, kuna faida ya kuhangaika hivyo, badala ya kubaki kwenye 20 maisha yote? Swali hilo lilijibiwa Kampala. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwagawa watoto 187 kwa bahati nasibu: kundi moja lilibaki na dozi ya takriban miligramu 20 kwa kilo, jingine likapandishwa hadi wastani wa karibu 29.5. Kigezo kilikuwa mtoto afikie hemoglobini ya 9 au zaidi, au hemoglobini F ya asilimia 20 au zaidi. Waliopandishwa walifikia kwa asilimia 86; waliobaki chini, asilimia 37. Maumivu, kuongezewa damu na kulazwa vilipungua pia, na utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa REACH uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, kwa watoto 606, ulionyesha kuwa dawa hii inaweza kupandishwa kwa usalama hata kwenye maeneo ya malaria. Matukio ya malaria yalishuka kutoka 46.9 hadi 22.9 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa (sawa na watoto 100 kufuatiliwa kwa mwaka mmoja), na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Wengi tulihofia kinyume chake.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni hesabu. Watoto wenye selimundu hutoa kwenye damu seli nyekundu zenye kiini, na mashine nyingi huzihesabu kama seli nyeupe. Karatasi ikisema seli nyeupe 12.0 na mtaalamu wa maabara ameona seli 20 zenye kiini kwa kila nyeupe 100, hesabu sahihi ni 12.0 × 100 ÷ 120, yaani 10.0. Neutrofili zikiwa asilimia 38, ni 3.8, ndani ya lengo. Bila masahihisho ingesomeka 4.56, na dozi ingeongezwa bure. Mtoto mwenye homa naye neutrofili zake hupanda kwa muda, kwa hiyo siku ya ugonjwa si siku ya kuongeza dawa. Malaria hushusha chembe sahani. Pima malaria kabla ya kulaumu haidroksiyurea. Na Waafrika wengi kwa urithi wana neutrofili chache bila ugonjwa wowote, hivyo mtoto aliyeanza na hesabu ndogo anaweza kukubaliwa chini ya 2,000 akiwa mzima.

Kisha kuna kapsuli. Ya miligramu 500 haigawanyiki vizuri, kwa hiyo dozi husambazwa kwa wiki: mtoto wa kilo 18 anayehitaji 360 kwa siku akipewa kapsuli moja siku tano kati ya saba, anapata wastani wa 357. Andikeni siku zenyewe kwenye kadi, Jumatatu hadi Ijumaa, maana "siku tano" bila majina husahaulika. Kapsuli isifunguliwe mezani, na mama mjamzito asishike unga wake.

Wala dozi iliyopatikana haidumu. Kapsuli moja kwa siku ni miligramu 25 kwa kilo kwa mtoto wa kilo 20. Akifika kilo 25, kapsuli ileile imekuwa 20, bila mtu yeyote kubadilisha chochote, na hemoglobini F huanza kushuka taratibu. Mtoto apandishwe kwenye mizani kila hudhurio, kabla karatasi ya damu haijafunguliwa.