Mtoto mwenye kipandauso sugu asingoje kupona ndipo aishi

Wazazi wanaoniletea mtoto aliyeumwa kichwa kwa miezi mingi karibu wote huniuliza swali moja: daktari, atapona lini ili arudi shule? Ni swali la mzazi mwenye uchungu, na kwa homa ya siku tatu mpango huo ni sahihi. Mtoto hulala, hupata nafuu, kisha hurudi kwenye shughuli zake. Kwa kipandauso sugu mpango huohuo ndio unaomzamisha. Mimi ni daktari wa neva za watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuugeuza: arudi shule kidogo kidogo akiwa bado anaumwa, nafuu ya maumivu itakuja baadaye.

Kipandauso cha mtoto hakifanani sana na cha mtu mzima. Mara nyingi hakikai upande mmoja, hushika paji zima au pande zote mbili, na shambulio linaweza kuisha baada ya saa 2 tu. Ndiyo maana mtoto analia asubuhi, mchana yuko uwanjani, na watu wazima wanasema anatega. Hategi. Mtazame: anapauka, anaacha mwenyewe mchezo anaoupenda, anakimbilia chumba chenye giza, anakereka na kelele, anatapika, analala, kisha anaamka mzima. Wengine, hasa wadogo, huumwa tumbo kwa vipindi kwa miaka kadhaa kabla ya kichwa kuanza. Ukiuliza kwenye ukoo, mara nyingi utampata mwingine mwenye shida hiyohiyo.

Tunakiita sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso.

Kwa nini kinakwama? Neva inayoleta hisia kutoka usoni na kwenye utando unaofunika ubongo, neva ya trijemina, hutoa kemikali wakati wa shambulio. Mojawapo hujulikana kwa herufi CGRP. Kemikali hizo hutanua mishipa ya damu na kuwasha maumivu. Mashambulio yakirudiarudia, njia za maumivu zinazidi kuwa nyepesi kuamka, hata kuchana nywele kukauma. Huwaambia watoto kwamba ni kama kengele ya moto inayolia kwa sababu ya mvuke wa sufuria: kengele inalia kweli, masikio yanauma kweli, lakini nyumba haiungui. Mtoto akishaelewa kwamba maumivu yake ni ya kweli na wakati huohuo hayauli ubongo wake, hofu hupungua, na bila hofu kupungua hakuna linalosonga mbele.

Bila shaka siwezi kumwambia hivyo kabla ya kumpima. Kichwa kinachomwamsha usiku, kutapika kila alfajiri, kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea, degedege, homa pamoja na shingo kukakamaa, au maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, hayo yote yanataka daktari haraka. Vivyo hivyo kwa mtoto mdogo sana asiyeweza kueleza anachosikia.

Sasa nije kwenye dawa, maana hapo ndipo wazazi wenye upendo hunaswa. Dawa ya shambulio hufanya kazi vizuri ikinywewa mapema na kwa kipimo kamili. Kwa ibuprofeni, kipimo cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, na si nusu kidonge ya kujaribu huku mtoto akiachwa aumie saa nzima kwanza. Aspirini msimpe mtoto pasipo daktari, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo. Lakini dawa hiyohiyo inayookoa ikitumiwa mara chache huwa chanzo cha maumivu ikitumiwa mara nyingi. Dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, au dawa za kundi la triptani, zinazotengenezwa mahususi kwa shambulio la kipandauso, zikifika siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Mimi huwataka wazazi wasizidishe siku 2 au 3 kwa wiki. Hesabuni siku, si vidonge, na ziandikwe kwenye daftari.

Jambo linalosaidia hapa ni kutenganisha maumivu mawili. Watoto wengi wenye kipandauso sugu wana maumivu ya chinichini ya kila siku, na juu yake huja mashambulio makali. Dawa ni ya mashambulio. Yale ya chinichini hayafukuzwi na kidonge, na kuyakimbiza kwa vidonge ndiyo njia ya kuingia kwenye mtego niliousema.

Na dawa za kinga, zinazonywewa kila siku ili mashambulio yapungue? Natamani ningeziahidi zaidi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watoto wa miaka 8 hadi 17. Walioona siku zao za maumivu zikipungua kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 52 kwa dawa ya kinga iitwayo amitriptilini, 55 kwa nyingine iitwayo topirameti, na 61 kwa kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Sisomi hapo kwamba watoto walikuwa wanadanganya. Nasoma kwamba ubongo wa mtoto una uwezo mkubwa wa kutulia anapofuatiliwa kwa karibu na kutarajia nafuu.

Utafiti mwingine, wa 2013, ndio ulionipa msimamo wangu. Watoto 135 wenye kipandauso sugu walipewa amitriptilini wote. Kundi moja liliongezewa tiba ya kisaikolojia inayofundisha kutuliza mwili, kupambana na mawazo ya kukata tamaa na kupanga shughuli; jingine liliongezewa elimu tu kuhusu kichwa. Baada ya wiki 20, siku za maumivu zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 66 ya kundi la kwanza, na 36 ya kundi la pili. Mzazi nikimtajia mwanasaikolojia huona namwambia maumivu ni ya kubuni. La. Ni mazoezi ya neva zilezile.

Nyumbani anzeni na saa ya kuamka, iwe ileile hata siku za mapumziko. Asiruke mlo wa asubuhi, anywe maji, atembee au acheze kila siku hata kwa dakika chache. Shuleni kubalianeni kwa maandishi: chupa ya maji mezani, ruhusa ya kupumzika mahali kimya kwa dakika 20 au 30, kisha darasani tena badala ya kurudishwa nyumbani. Aliyekaa nje muda mrefu aanze na vipindi viwili kwa siku, vikiongezwa kila wiki kadiri mlivyopanga, si kadiri kichwa kilivyoamka. Na acheni kumuuliza kila asubuhi kama kichwa kinauma. Swali hilo humrudisha kukikagua. Mwulizeni leo alifanya nini.

Wiki za mwanzo huvunja moyo, kwa kuwa mtoto anakwenda shule na bado anasema maumivu ni yaleyale. Msirudi nyuma hapo. Kwa kawaida kinachorejea kwanza ni shughuli, halafu usingizi na furaha, halafu ndipo siku zisizo na maumivu zinaanza kuonekana kwenye daftari, moja moja. Ila shambulio kali likipita saa 72 bila kuachia, au mtoto akatapika hadi hawezi kunywa maji, msivumilie nyumbani. Mpelekeni hospitali na daftari lake.